Sukari ni Ugonjwa au ni Dawa? Habari za Kazi ya Sukari Mwilini

Mwalimu mmoja ametuletea barua yenye swali ambalo tunaona si lake peke yake. Asema ya kuwa katika shule yake yuko kijana mwenye maradhi ya kisukari, ambaye kila siku huchomwa sindano ya dawa iitwayo insulini. Siku moja, ilipokaribia saa sita ya mchana, kijana yule alianza kutoka jasho jingi, mikono ikamtetemeka, akajibu maswali kwa maneno yasiyo na maana, halafu akalaza kichwa juu ya meza. Wenzake walicheka wakidhani amekunywa pombe. Wengine wakasema amepandwa na pepo. Aliyekuja mbio ni mama mpishi wa shule, akiwa na kikombe cha chai yenye sukari tele. Akamnywesha taratibu, na baada ya robo saa kijana aliinuka, akauliza kumetokea nini.

Mwalimu auliza hivi: Sisi sote twaambiwa ya kwamba mwenye kisukari ana sukari nyingi kupita kiasi katika damu yake, naye hukatazwa sukari. Imekuwaje basi kitu kile kilicho ugonjwa wake kikawa dawa yake?

Swali hili ni zuri, wala haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Yatupasa kwanza kuifuata sukari tangu inapoingia kinywani mpaka inapomaliza kazi yake, tupate kujua ni viungo vipi vinavyoihitaji, na kwa kadiri gani. Tukiisha kujua hayo, jibu la mwalimu litakuja lenyewe.

SUKARI HAIMO BAKULINI TU

Asiyetia sukari katika chai yake hudhani kwamba yeye hali sukari. Sivyo. Ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi za kupika, mtama na mkate, vyote vimejaa wanga. Na wanga si kitu kingine ila sukari iliyofungamana kama shanga katika uzi mrefu. Kila ushanga ni sukari ndogo iitwayo glukosi. Ukitaka kuthibitisha, tia kinywani kipande cha mkate, ukitafune kitambo kirefu bila kukimeza; utaona utamu waanza kutokea ambao hapo kwanza haukuwapo. Mate ndiyo yaliyoanza kuukata uzi ule. Walimu waweza kuwafanyia watoto jaribio hili darasani pasipo gharama.

Kazi hiyo ya mate husimama tumboni, kwa sababu ya ukali wa maji ya tumbo. Lakini chakula kikifika katika utumbo mwembamba hukutana na maji yatokayo katika kongosho, nayo huukata wanga vipande vidogo vidogo, na ngozi ya ndani ya utumbo huvimaliza vile vipande mpaka zikabaki shanga moja moja. Sukari ya dukani hukatwa huko huko. Yenyewe ni shanga mbili tu, moja glukosi, na ya pili fruktosi, ambayo imo pia katika matunda na asali. Sukari ya maziwa ni glukosi iliyoungana na nyingine iitwayo galaktosi.

Glukosi hupita katika ukuta wa utumbo kwa mlango wa ajabu. Mlango huo hauipitishi peke yake: sukari na chumvi huingia pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Jambo hili lilielezwa mwaka 1960 na Robert Crane, mtaalamu wa Marekani, nalo limeokoa watoto wengi mno. Maana mtoto mwenye kuhara akinyweshwa maji matupu, mengi hupita na kutoka. Bali akinyweshwa maji yenye sukari na chumvi kwa kadiri yake, mwili huyapokea, hata katika kipindupindu. Pasipo pakiti ya dawa ya maji, huchanganywa lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Kiasi hicho kisizidishwe, maana sukari ikizidi huongeza kuhara, na chumvi ikizidi hudhuru.

INI NDILO MWENYE GHALA

Damu itokayo utumboni haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hupita kwanza katika ini. Na ini ni kama mzee aliyekabidhiwa ghala la kijiji. Wakati wa mavuno huweka, na wakati wa ukame hutoa. Glukosi inapokuwa nyingi, ini huzifunga shanga zile tena katika nyuzi, huziweka akiba. Akiba hiyo huitwa glaikojeni. Ini la mtu mzima huweza kuweka kadiri ya gramu 100, na misuli yote kwa jumla kadiri ya gramu 400. Kadhalika fruktosi na galaktosi kwa sehemu kubwa hugeuzwa hapo hapo katika ini, zipate kufaa.

Aliyelifunua ghala hili ni Claude Bernard, mtaalamu wa Ufaransa. Hapo zamani wenye elimu walidhani kuwa mimea ndiyo iwezayo kutengeneza sukari, na wanyama kazi yao ni kuitumia tu. Mwaka 1848 Bernard aliona ya kuwa hata mbwa aliyelishwa nyama tupu alikuwa na sukari katika damu itokayo kwenye ini. Mwaka 1855 akachukua ini la mnyama, akapitisha maji katika mishipa yake mpaka yakatoka hayana sukari hata chembe. Akaliacha. Kesho yake akalipima tena, akakuta sukari tele. Ini lile halikupata chakula usiku ule. Sukari ilitoka wapi? Ilitoka katika akiba iliyomo ndani yake. Mwaka 1857 aliitenga akiba yenyewe, akaipa jina la glaikojeni, maana yake kizaa sukari.

Sasa wasomaji wetu wafikiri jambo hili. Damu ya mtu mzima ni kadiri ya lita 5, na glukosi iliyomo katika damu yote hiyo, mtu akiwa hajala, ni gramu 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Sahani moja ya ugali huleta sukari mara kumi ya hiyo, au zaidi. Walakini kwa mtu mwenye afya damu haijai sukari baada ya kula, wala haiishiwi anapolala usiku kucha bila chakula. Kiasi hicho hulindwaje?

Hulindwa na wajumbe wawili watokao katika kongosho. Wa kwanza ni insulini. Mtu akiisha kula, insulini hutoka, ikaenda kuiamrisha misuli na mafuta kufungua milango na kupokea sukari, na kuliamrisha ini kuweka akiba. Wa pili ni glukagoni. Saa za kula zikiwa zimepita na sukari ikianza kupungua, glukagoni huliambia ini lifungue ghala. Mmoja huweka, mwingine hutoa, na kwa mapatano yao kile kijiko kimoja hakimwagiki wala hakikauki.

Akiba ya ini huweza kumfikisha mtu asubuhi. Lakini akikaa siku nzima pasipo kula, huwa imekaribia kwisha. Hapo ini huanza kazi nyingine, ya kutengeneza sukari mpya kwa vitu visivyo sukari, kama protini ya misuli na sehemu ndogo ya mafuta. Ndiyo sababu mwenye njaa ya siku nyingi huonekana amekonda mikono na mapaja: mwili wake unavunja nyumba kupata kuni. Na kinyume chake, alaye kila siku kuliko anavyofanya kazi, ghala la sukari likijaa hawezi kuongeza lingine. Chakula kinachozidi huwekwa kuwa mafuta, na ghala la mafuta halina mwisho mfupi. Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba isiyotumika kamwe huweza kumlemea mwenyewe.

KILA KIUNGO NA KUNI ZAKE

Si viungo vyote vinavyokula namna moja, na hapa ndipo penye kiini cha swali letu.

Ubongo ni mdogo, maana uzito wake ni kama sehemu 2 katika kila 100 za mwili. Lakini mtu akiwa amepumzika, ubongo hutumia kadiri ya sehemu 20 katika kila 100 za nguvu zote. Kwa siku moja huhitaji gramu 120 hivi za glukosi. Nao hauna ghala la maana, wala hauwezi kuchoma mafuta. Kwa hiyo wategemea damu saa kwa saa, kama taa isiyo na tangi, inayotiwa mafuta tone kwa tone. Damu ikikosa sukari, taa hufifia mara moja: mtu hutetemeka, hutoka jasho, husema ovyo, hukasirika bila sababu, na mwisho huzimia au kupata kifafa. Katika njaa ndefu ini huusaidia ubongo kwa kutengeneza kutokana na mafuta kitu kiitwacho ketoni. George Cahill na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 1967 kwamba, baada ya wiki kadhaa za kutokula, ketoni huupa ubongo zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Lakini msaada huo huja polepole, siku baada ya siku. Haumfai aliyepungukiwa na sukari kwa ghafula.

Chembe nyekundu za damu nazo hazina chakula kingine ila glukosi. Hizi huchukua oksijeni na kuipeleka mwili mzima, walakini zenyewe haziitumii hata kidogo, kwa sababu hazina jiko la kuchomea. Ni kama mchukuzi abebaye mzigo wa chakula asichokionja. Huivunja glukosi nusu tu, zikaacha masalio yaitwayo laktiki. Masalio hayo hayatupwi. Hurudi kwenye ini, nalo huyageuza kuwa glukosi tena. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ilielezwa na Carl Cori na mkewe Gerty, wazaliwa wa Prague waliohamia Marekani mwaka 1922. Mwaka 1947 walipewa Tuzo ya Nobel, na Gerty akawa mwanamke wa kwanza kuipata kwa elimu ya uganga.

Misuli ina desturi mbili. Mtu akikaa, au akitembea polepole kwenda shambani, misuli huchoma mafuta zaidi. Bali akikimbia kwa nguvu au akiinua gunia, hutumia glaikojeni yake kwa haraka, ikatoa laktiki nyingi. Tena misuli ni bahili: sukari iliyokwisha kuingia humo haitoki tena kuwa sukari ya damu, bali hutumika hapo hapo. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na akiba kubwa mapajani na bado ubongo wake ukakosa. Na jambo jingine la kukumbuka ni hili, kwamba msuli unaofanya kazi huingiza sukari hata insulini ikiwa chache. Hii ndiyo sababu matabibu huwahimiza wenye kisukari kutembea na kulima.

Moyo, ambao haupumziki tangu kuzaliwa hata kufa, hupenda mafuta zaidi, lakini haukatai sukari, wala laktiki iliyoachwa na misuli. Katika viungo vyote, huu ndio usiochagua.

Figo huchuja damu mchana na usiku, na kila siku hupitisha katika chujio kadiri ya gramu 180 za glukosi, zikairudisha yote katika damu. Mkojo wa mtu mwenye afya hauna sukari. Lakini damu ikifikia karibu mara mbili ya kiasi cha kawaida, figo hazidiriki. Sukari humwagika katika mkojo, nayo huvuta maji. Hapo mtu hukojoa mno na kuwa na kiu isiyokatika. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliona kuwa sisimizi hukusanyika penye mkojo wa wagonjwa hao. Na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool, Uingereza, alithibitisha kwamba utamu ule ni sukari hasa.

NJAA KATIKATI YA SHIBE

Sasa twaweza kuona kisukari ni nini. Kiko cha aina mbili zilizo kubwa. Katika aina ya kwanza, ambayo mara nyingi huwapata watoto na vijana, kongosho limeacha kutoa insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wengi zaidi, insulini ipo lakini mwili hauitii vema, na baadaye kongosho lenyewe huchoka. Kwa namna zote mbili sukari husongamana katika damu kama watu penye lango lililofungwa, huku misuli ndani ikilia njaa.

Ubaya hauishii hapo. Ini, lisiposikia sauti ya insulini, hudhani kuna njaa, likafungua ghala na kuongeza sukari juu ya sukari. Mafuta nayo huvunjwa bila kiasi, na ketoni, ambazo katika njaa ni msaada, huwa nyingi mno mpaka damu inageuka kuwa kali. Mgonjwa hutapika, huvuta pumzi kwa nguvu, na pumzi yake hunukia kama matunda. Asipotibiwa upesi hufa.

Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering waliondoa kongosho la mbwa, wakaona mbwa yule amepata kisukari. Watu wakajua kuwa dawa imo katika kongosho, lakini miaka zaidi ya 30 ilipita kabla ya kuipata. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best waliipata huko Toronto, Kanada, katika nyumba ya kazi ya J. J. R. Macleod, naye James Collip akaisafisha. Tarehe 11 Januari 1922 alichomwa sindano ya kwanza kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Dawa ile ya kwanza haikuwa safi vya kutosha. Ilipotengenezwa upya na kutolewa tena siku chache baadaye, alipata nguvu, naye akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuwa na tumaini.

JIBU LA MWALIMU

Basi, yule kijana wa shule alipatwa na nini? Asubuhi alichomwa sindano yake kama ipasavyo. Huenda hakula vya kutosha, au alicheza mpira mno, au chakula cha mchana kilichelewa. Insulini ikishaingia mwilini kwa sindano haiulizi kama mtu amekula. Iliendelea kuifukuza sukari katika damu mpaka kile kijiko kimoja kikapungua. Misuli yake haikudhurika, maana ina mafuta; moyo wake uliendelea kupiga; lakini ubongo, usio na ghala wala kuni nyingine za haraka, ulianza kuzimika. Chai ya yule mama iliurudishia taa yake. Kwa hiyo sukari si ugonjwa, wala si dawa kwa nafsi yake. Ugonjwa ni kukosa kiasi. Na kupungua kwake huua kwa saa chache, hali kuzidi kwake huharibu kwa miaka, ikipofusha macho, ikiharibu figo, na kuozesha miguu.

Kwa hiyo twawaomba walimu, machifu na wazee wa vijiji wayakumbuke mambo haya na kuwaeleza wengine.

Kwanza, mwenye kutumia insulini akianza kutetemeka, kutoka jasho au kusema ovyo, naye aweza kumeza, apewe upesi sukari, vijiko 3 au 4 vya chai katika maji. Baada ya robo saa, asipopata nafuu, apewe tena. Kisha ale chakula. Asiachwe peke yake, wala asichekwe.

Pili, aliyezimia asimiminiwe kitu chochote cha kunywa kinywani, maana chaweza kuingia mapafuni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja.

Tatu, kwa ajili ya tukio kama hili mtu asiachishwe sindano zake. Kumwachisha ni kumrudisha katika hatari ile nyingine. Mwenye kupanga kiasi ni tabibu wake.

Nne, si wenye kisukari tu wapatwao na upungufu huu. Ini la mtoto mdogo lina akiba chache, na ubongo wake ni mkubwa kwa kulinganisha na mwili. Mtoto mwenye malaria kali asiyekula aweza kuishiwa na sukari upesi sana. Maadamu aweza kumeza, anyonyeshwe au apewe uji. Na akipatwa na kifafa au usingizi usio wa kawaida, safari ya hospitali isingoje asubuhi. Kadhalika anywaye pombe bila kula hujiweka hatarini, kwa kuwa pombe hulizuia ini lisitengeneze sukari mpya. Huenda yule mnayesema amelala kwa ulevi, kumbe ubongo wake unakufa njaa.

Tano, mwenye kiu isiyokwisha, mkojo mwingi, kukonda bila sababu au kidonda kisichopona, aende akapimwe damu. Kipimo chenyewe ni tone moja la damu ya kidole. Mficha maradhi kifo humwumbua.

Na yule mama mpishi, tunaambiwa, tangu siku ile huweka kikopo cha sukari juu ya kabati la darasa, na wanafunzi wote wajua kilipo na ni cha kazi gani. Jambo hilo laweza kufanywa katika kila shule.